Nyumba Kumi na Mbili za Vyura

Nimeacha kazi ya bustani kwa sababu ya magoti. Anayetaka maelezo zaidi aje nichuchumae mbele yake, asikie mlio kwa masikio yake. Nyinyi mliobaki kwenye kitalu cha miche mmeniomba niwaandikie namna ya kutengeneza nyumba za vyura, maana mbili mlizojenga baada ya mimi kuondoka zimekaliwa na panya. Nitaandika. Lakini siwezi kueleza namna ya kuzitengeneza bila kueleza namna nilivyokosea, kwa kuwa nusu ya ninachokijua nilikipata huko. Mshahara na cheo sitavigusa. Cheo hakikuwapo, na mshahara uliliwa zamani.

Kazi hii niliianza Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, mtaa wa Area 47, nyumbani kwa Bwana Mvula, miaka ile sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka tulipokuwa tukienda mjini kufanya kazi na kurudi kambini mwisho wa juma. Bwana Mvula alikuwa amestaafu ofisi moja ya serikali, Capital Hill, na bado alivaa tai kila siku mpaka saa sita mchana. Siku ya kwanza aliniuliza kama ninajua bustani. Nikamjibu kwamba kwetu Burundi, upande wa Rumonge, nilikuwa nikilima mihogo, maharage na michikichi. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akafungua geti dogo la chuma, akanionyesha letusi. Sikuwa nimewahi kuona majani yakiwekewa geti.

Geti halikusaidia kitu, kwa sababu adui alipita chini yake. Adui huyo ni koa, yule mdudu laini anayefanana na konokono aliyenyang'anywa gamba. Koa hula letusi usiku na kuacha njia ya ute, kama mtu aliyeiba halafu akasaini. Dawa ya sumu ilikuwa marufuku nyumbani hapo, kwani mbwa wa Bwana Mvula aliwahi kuila akafa. Nilikuwa nikiwaokota koa kwa mkono, alfajiri hadi jua linapotoka, nikiwahesabu. Nilipoona hesabu haipungui, nilimwomba Bwana Mvula ruhusa ya kutazama kabati lake la vitabu. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuulizia bei, kwa hiyo niliazima na kamusi.

Kitabu nilichokipata kilisema kwamba chura mmoja wa bustani hula wadudu wengi kuliko mtu awezavyo kuokota, koa wakiwamo, na kwamba hahitaji ila pahali pa kulala mchana penye kivuli na unyevu. Ajengewe mlango unaoelekea kaskazini, kilisema, ili jua lisiingie. Nilitafuta kaskazini kwa uangalifu mkubwa. Nikalaza chungu kilichovunjika, nikakifukia nusu, nikaelekeza mdomo wake kaskazini barabara, kisha nikasubiri wiki mbili. Hakuingia mtu.

Asubuhi moja Bwana Mvula aliniita barazani. Alikuwa amesimama na soksi mguu mmoja, na kiatu cheusi cha kanisani mkononi.

"Deo," alisema, "kiatu changu kina mtu."

Nilichungulia. Chura mkubwa wa rangi ya udongo alikuwa amejikunyata upande wa vidole, macho yamefumbwa nusu, amestarehe.

"Nilikuruhusu umjengee nyumba. Sikukuruhusu umpe kiatu changu."

"Nyumba anayo, Bwana. Ameikataa."

"Umemuuliza sababu?"

Nilikwenda kuiuliza nyumba yenyewe. Nilitia mkono ndani ya chungu saa nne asubuhi, nikautoa haraka: udongo ulikuwa moto kama sahani ya nsima, ugali wa huku. Ilikuwa miezi ya baridi, jua linapopita upande wa kaskazini wa anga ya Malawi, nami nilikuwa nimelifungulia mlango. Kitabu kile kiliandikwa na mtu wa Ulaya, na kwao jua hupita kusini. Alikuwa sahihi kabisa, kwake. Kosa lilikuwa langu, la kuamini kwamba kaskazini ni kaskazini kila mahali. Nikakigeuza chungu kikatazama kusini, nikakisogeza chini ya majani ya maboga. Siku ya nne chura alihamia, na kiatu kikarudi kwa mwenyewe. Bwana Mvula alisema "zikomo", yaani asante, akakikung'uta mara saba, na mpaka naondoka kwake hakuwahi tena kuvaa kiatu bila kukikung'uta.

Basi andikeni. Tumieni chungu cha udongo kilichopasuka. Beseni la plastiki hupata joto na hunuka. Mkebe wa mafuta ya kupikia usijaribiwe kabisa, maana huo ni kikaango. Tofali bichi linafaa mpaka mvua ya kwanza, kisha linamwangukia mwenye nyumba. Chungu kilazwe ubavu na kufukiwa nusu, ili sakafu iwe udongo wenyewe, maana chura hupenda kujichimbia. Mlango uwe upana wa vidole vinne. Ndani tieni majani makavu kiasi cha mkono mmoja. Nje wekeni kisahani cha maji, kina cha pingili ya kidole, na jiwe katikati ili viumbe vidogo vipate pa kupandia. Maji yabadilishwe kila siku, kwani chura hanywi kwa mdomo. Hunywa kwa ngozi, kwa kukaa juu ya kilicho na maji, na chochote kilichomo kwenye maji hayo kinaingia mwilini mwake. Sentensi hiyo muikumbuke. Panya wenu wameingia kwa sababu mmeacha udongo ukauke. Mwagilieni, watahama.

Na chura asibebwe. Niliwahi kumtia mmoja kwenye ndoo kutoka mfereji wa bafu nikamleta bustanini. Siku ya tatu nilimkuta kwenye mfereji uleule, akinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Safari za mjini zilipokuwa ngumu kwa watu wa kambi, nilirudi Dzaleka moja kwa moja, na ujuzi wangu ukiwa kichwani na kwenye daftari mbili. Kanisa letu lilikuwa na kiwanja nyuma ya jengo, na likawaazima akina mama waliokuwa wakiotesha miche ya kabichi, nyanya na biringanya. Kiongozi wao alikuwa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, Kongo, ambako 'watu' ni 'bantu' na 'ndiyo' ni 'njo', mwenye sauti ya kusikika kutoka kwenye bomba la maji hadi sokoni. Alinichukua niwe mtunza kitalu. Alinijaribu kwa swali moja: mche wa kabichi unahamishwa ukiwa na majani mangapi? Nikamjibu manne au matano. Akasema wanaume watatu walionitangulia walijibu "mengi".

Aliponiona nikifukia vyungu vibovu pembeni mwa matuta, alisimama na mikono kiunoni.

"Papa Deo, we unafuga bachura?"

"Siwafugi. Nimewakaribisha."

"Utabalisha nini?"

"Wanajilisha wenyewe, Mama Furaha. Wanakula wale wanaokula miche yako."

Alifikiri. "Kama ni hivyo, njo bafanyakazi ba kwanza hapa ambao habaombi chai."

Nilipata vyungu kumi na viwili, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa la maisha yangu ya kazi. Nalieleza kwa urefu kwa sababu mtu mwangalifu tu ndiye angeweza kulifanya.

Nilitaka kujua ni nyumba zipi zinazopendwa na vyura na kwa nini. Ili kujua lazima uandike, na ili uandike lazima kila nyumba iwe na namba. Nilikuwa na rangi nyeupe iliyobaki. Ilibaki kutoka kazi nyingine: mstari wetu wa nyumba za kuishi ulikuwa na milango kumi na minne, yote ikitumia choo kimoja, na ili zamu ya kukisafisha isiwe na ugomvi niliombwa niandike namba milangoni, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Basi kwa rangi ileile, kwa brashi ileile na kwa mwandiko uleule, niliandika juu ya vyungu vya vyura moja hadi kumi na mbili. Kila asubuhi nilipita na daftari, ninainama, ninachungulia ndani ya kila namba, ninaandika.

Haikunijia akilini kwamba watu wananiona.

Baada ya siku chache majirani walianza kunisalimia wakiwa mbali. Mstari mzima ulikuwa umeshahesabu. Mtu ana chungu kilichofukiwa ardhini, chungu kina namba ya mlango wako, ndani kuna chura, na kila asubuhi mtu huyo anachungulia na kuandika. Hata mimi kama ningeelezwa hivyo ningefunga dirisha. Wa mlango wa kumi na tatu na wa kumi na nne, ambao hawakuwa na chungu, walianza kuwasalimia wengine kwa huruma.

Jumanne ya wiki iliyofuata nilimkuta chura wa chungu cha saba amekufa, amekauka kama ganda. Nilimzika kando ya ua na kuandika nilichokiona. Mlango wa saba ulikuwa wa Papa Jerome, fundi cherehani, mtu mwenye afya ambaye hajawahi kukosa chakula cha mchana. Siku hiyohiyo, habari ilipomfikia, alilala kitandani, akasema tumbo limekaza, akakataa kula.

Alhamisi Mchungaji Silas alikuja kitaluni. Ni Mnyarwanda aliyekulia Kongo, mpole sana, na husikiliza kwa namna inayokufanya ujione una hatia.

"Papa Deo, mi sisemi we ni mchawi."

"Asante, Mchungaji."

"Bantu njo banasema."

"Wangapi?"

"Nyumba kumi na mbili." Akatazama vyungu. "Ba kumi na tatu na ba kumi na nne habana maneno."

Alinieleza msimamo wa wazee wa kanisa. Kwetu jambo lililosemwa hadharani hujibiwa hadharani, mtu amesimama, baada ya sala ya Jumamosi. Nikishindwa kulijibu, kanisa litachukua kiwanja chake kabla ya mvua. Miche ilikuwa bado wiki tatu ifikie kuhamishwa. Kuing'oa mapema ni kuiua, na pa kuihamishia hapakuwapo. Mama Furaha na wenzake walikuwa wameitegemea kwa msimu mzima, nami kwa umri wangu na magoti yangu sikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikinisubiri. Ijumaa sikula vizuri. Nilipanga maelezo yangu kwenye karatasi, yenye vichwa vya habari na michoro mitatu.

Jumamosi mstari wote ulifika. Papa Jerome aliletwa kwa kabaza, baiskeli ya kukodi, ingawa kutoka mlangoni kwake mpaka kiwanjani si zaidi ya hatua sitini, na mwendesha baiskeli alimshusha taratibu kama kreti ya mayai. Nilianza na kichwa cha habari cha kwanza, juu ya ngozi ya chura. Mchungaji aliniinulia mkono.

"Tuanze na ile kahiye. Bantu banataka kujua uliandika nini. Mama Furaha asome."

Nilijua papo hapo kwamba hilo si jambo jema, lakini nilikuwa nimesimama mbele ya watu. Mama Furaha alifungua daftari akasoma kwa ile sauti yake.

"Namba moja. Yupo. Mnene. Hajishughulishi."

Wa mlango wa kwanza alikuwa fundi wa redio. Mke wake ndiye aliyesema, polepole, "Hapo aliandika kweli."

"Namba tatu. Walikuwa wawili. Mmoja amehama, sijui alikokwenda."

Wa tatu walikuwa maharusi wa miezi minne. Msichana alimtazama mumewe. "Unahama kwenda wapi?"

"Mi niko hapa," alisema kijana. "Si unaniona?"

"Namba tano. Hutoka jua likizama, hurudi alfajiri na matope."

Baba wa mlango wa tano alianza kutazama mawingu kwa makini. Watu walianza kucheka, kwanza puani, kisha waziwazi, na niliona kwa mshangao kwamba kicheko kinanisaidia zaidi ya michoro yangu. Kisha Mama Furaha akageuza ukurasa, na sauti yake ikashuka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Namba saba. Amekufa. Sababu haijulikani."

Hakuna aliyecheka. Papa Jerome alifumba macho. Mkewe alimshika bega.

Niliacha karatasi yangu. Nikaomba kila mmoja asimame kwenye namba yake, nami nikavifunua vyungu, kimoja kimoja, mbele ya wote. Wa kwanza alikuwapo, mnene kweli, na hakujishughulisha. Katika cha pili alikuwamo mmoja mdogo. Katika cha tatu walikuwa wawili tena, yule mmoja amerudi, na msichana akasema "Aya" kwa sauti ya mtu aliyesamehe. Hivyo mpaka cha saba.

Niliinua chungu cha saba. Hakikuwa na chura, lakini kwenye udongo, mlangoni na ndani kabisa, kulikuwa na punje nyeupe nilizozipita siku ile nikidhani ni matone ya rangi yangu. Nilichukua moja nikaiweka ulimini.

"Chumvi," nilisema. "Chura hunywa kwa ngozi. Ukimlaza juu ya chumvi, chumvi inamnywa yeye. Amekufa kwa hiyo. Nani aliiweka?"

Ndipo Papa Jerome alipofumbua macho.

"Ni chumvi ya maombi," alisema. "Mchungaji njo alinipa."

Watu wote waligeuka. Mchungaji Silas alirekebisha kola yake.

"Nilikupa uweke ku mlango yako, Papa Jerome."

"Njo niliweka. Niliona iko milango mbili ya saba. Nikagawanya."

Sijawahi kumwona mchungaji akifikiri kwa muda mrefu vile. Mwishowe alisema hivi: chura ameuawa na chumvi, na Papa Jerome anaumwa na habari za chura. Mchawi hapa hayupo. Kiwanja kitabaki kwa akina mama. Ila namba zifutwe, na chumvi ya maombi isiwekwe tena mahali ambapo haikutumwa. Papa Jerome alirudi nyumbani kwa miguu, na tulisikia sufuria zikigongana kabla hatujamaliza kufunika vyungu.

Jumatatu nilifuta namba zote kwa mchanga na maji. Iliniuma. Hesabu ya wiki nzima ilikosa wenyewe. Nilifikiria kutumia herufi badala yake, na Mama Furaha alinisoma usoni.

"Papa Deo, herufi usijaribu. Bantu beko na majina."

Kwa hiyo tangu siku hiyo tunazitofautisha kwa mimea iliyo karibu nazo: chungu cha mchaichai, chungu cha biringanya, chungu cha bomba bovu. Ndiyo maana mnaziita hivyo mpaka leo, na mkikuta kijana mgeni ana mwandiko mzuri na rangi iliyobaki, mnyang'anyeni brashi.

Nilidhani jambo limekwisha. Siku mbili baadaye, kabla ya kufungua cherehani yake, Papa Jerome alikuja kitaluni akasimama karibu na biringanya.

"Ya saba njo hii?"

"Hakuna ya saba. Nimefuta."

"Najua ulifuta. Nauliza kama ni hii."

"Ni hiyo."

Aliinama akachungulia. "Haina mtu."

"Bado ina chumvi."

"Wote beko nabo," alisema. "Ba tatu beko na babili. Hata yule wa tano, na tabia yake. Mi peke yangu sina. Bantu batasema nini?"

Nilimweleza kwamba chura habebwi, huja mwenyewe pakiwa pema. Akauliza pema panakuwaje. Nikamwambia. Alivua koti, akachota udongo wote wenye chumvi hadi kina cha mkono, akaenda kuumwaga mbali, akaleta udongo mpya wa chini ya migomba. Akaupepeta kwa vidole vyake vya ushonaji, kana kwamba anatafuta sindano. Kila asubuhi alipita kubadilisha maji ya kisahani. Nilimsahihisha mara moja tu, aliponiuliza kama anaweza kuweka kipande cha kitenge ndani. Nikamwambia hapana. Siku zilizofuata alichungulia, akanyoosha mgongo, akaenda kazini. Katika miaka yangu yote sijapata mwanafunzi aliyefuata maelekezo vile, na hakuwa hata mtu wa bustani.

Miche ilifikia majani matano na mvua ikaja kwa wakati. Tulihamisha kabichi siku nzima, tumelowa, Mama Furaha akipaza sauti kuzidi radi. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani ulifika wakati wa ushuhuda, na wa kwanza kusimama alikuwa Papa Jerome, amevaa suti aliyojishonea, na udongo kwenye magoti yote mawili.

"Bwana asifiwe," alisema. "Wa kwangu alifika leo asubuhi. Ni mkubwa kupita wa namba moja."

Kanisa lote liliitikia amina, na Mchungaji Silas pamoja nao. Kisha Mchungaji, aliyeagiza namba zifutwe, akanitazama mimi.